Fomu Inayomtambua Kavira

Alhamisi, tarehe 3 Machi 2022. Masisi.

Limefika! Toleo jipya la programu ya fomu, ndani ya flash, ndani ya katoni ya sabuni, kutoka Goma. Limepita vizuizi vyote bila mtu kulidai kitu. Mimi sijawahi kupita hivyo.

Nimefunga kibanda changu cha kuchapa na fotokopi nilitazame kwa utulivu. Ajabu tupu! Mtu akiandika jina lake, fomu inamsalimu kwa jina hilo. Akisema hana watoto, maswali ya watoto yanajificha yenyewe, kwa adabu, kama wageni walioona chakula ni kidogo. Akisema amezaliwa mwaka ujao, inakataa. Na mwishoni, kutokana na majibu yake, barua inajiandika na kutoka kwenye printa, kamili, na salamu zake. Nimejichapishia barua kadhaa za pongezi.

Polycarpe, jirani yangu mwenye taipureta, amechungulia dirishani. Akauliza kama chombo hicho kinatoa na povu, maana kimekuja na sabuni. Wivu.

Mchana, habari mbaya. Mama Kavira, muuza vitenge, mjane kama mimi, anahama. Kaka yake anatuma lori kutoka Butembo Jumamosi ya wiki ijayo. Amesema amechoka kufunga mizigo kila risasi zikilia upande wa Kingi na kuifungua zikinyamaza. Kabla ya kuondoka anataka fomu ya kuwaandikisha mama washonaji wa hapa na wa kambi ya Lushebere, chama chao kisife nyuma yake. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Siku nyingi nataka kumwomba anioe. Yaani nimuoe. Lakini kila nikifungua mdomo, ninamuuliza bei ya kitenge. Kabati langu limejaa nguo za kike.

Ijumaa, tarehe 4 Machi

Nimepata! Wala sitatumia mdomo.

Ndani ya fomu ya chama nimeficha swali moja. Linajitokeza kwa masharti mawili tu: jina lianze na Kavira, na awe mjane. Wengine wote hawataliona kamwe. Swali lenyewe: Je, ungekubali kuolewa na Papa Albert Mbusa, mjane, mkatoliki, mwenye paneli ya jua? Akijibu ndiyo, barua inajiandika kwa jamaa yake, ikiahidi ziara na mbuzi wa kwanza. Nimeisoma barua hiyo nikajionea wivu mwenyewe.

Mama Kavira amepita jioni, akajaza fomu kwenye tableti, wa kwanza kabisa. Nimesimama nje nikijifanya ninapangusa paneli. Amemaliza, akasema fomu ni nzuri, fupi, haichoshi. Akaenda zake.

Printa kimya.

Basi. Amekataa kwa upole. Nimelala bila kula.

Jumanne, tarehe 8 Machi

Balaa!

Jana Mama Anastasie, katibu wa chama, aliipeleka tableti Lushebere. Kwa kuwa wengi hawakuwa na miwani, aliwasomea maswali kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Na mimi nilisahau jambo ambalo mtu wa kabila letu la Wanande hapaswi kusahau: kwetu jina linafuata nafasi ya kuzaliwa. Kila nyumba yenye mabinti wa kutosha ina Kavira wake, na yenye wavulana wa kutosha ina Mbusa wake. Na wajane, vita hii haijatunyima.

Leo asubuhi tableti imerudi, nikaiunganisha na printa. Printa imelia mpaka karatasi zikaisha. Kavira wa sokoni amekubali. Kavira wa njia ya Sake amekubali. Nyanya Kavira wa Lushebere, ambaye meno yamemuaga zamani, amekubali kwa sharti kwamba paneli ichaji na redio yake. Kila barua inaahidi mbuzi. Mbuzi ninaye mmoja, naye ni wa parokia, ninamchunga tu.

Lakini nisimkosee heshima fundi wa programu: barua zote hazina kosa hata moja!

Baada ya maandamano ya siku ya wanawake, Mama Kavira mwenyewe ameingia kibandani, kitenge kipya, mikono kiunoni. Amesema amesikia habari njiani, tena mara nyingi. Ati Papa Albert, umechumbia mpaka nyanya ya Lushebere, mimi nilikukosea nini? Nimemweleza habari ya masharti. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe kwenye nafasi ya jina aliandika Valérie, jina la ubatizo, kwa kuwa fomu ilionekana ya heshima. Swali halikumfungukia! Hakukataa!

Akasema: mudomo yako iko na kazi gani, Papa? Lori njo inafika Jumamosi.

Nikafungua mdomo. Nikauliza bei ya kitenge. Nimenunua viwili.

Jumamosi, tarehe 12 Machi

Nimerekebisha. Jina likiwa Valérie, swali linafunguka. Sharti la ujane nimeliondoa, lilikuwa linaleta wengi.

Lori limefika, mizigo imepakiwa. Mama Kavira amekuja kibandani, akakaa kwenye benchi, akasema yuko hapa, niulize. Nimemwomba asubiri kidogo, mashine inafunguka. Akaangalia mbingu.

Hapo mke wa Polycarpe akanipita na kukalia kiti, naye ni mshonaji, anataka kuandikishwa. Siku zote ninamwita Mama Prince. Mashine ikamsalimu: Karibu, Valérie.

Akasoma swali. Akaomba kulisoma tena. Akadhani ni swali la kupima uelewa, akajibu ndiyo. Printa ikaanza kulia. Polycarpe akaja mbio, akauliza kama ninataka na taipureta, au mke tu inatosha.

Mama Kavira akainuka, akaichukua barua, akaisoma mpaka mwisho. Akasema jina ni lake, basi barua ni yake. Akampa dereva ampelekee kaka yake, akamwamuru ashushe mizigo yote. Kwangu akasema neno moja: ile mbuzi isikuwe ya parokia.

Anabaki! Jioni ameniuliza kama nimejifunza kitu. Sana, nimemwambia: nimejifunza kwamba njia ya fomu haishindwi. Akaangalia mbingu tena.

Nimeshaanza fomu ya waalikwa wa harusi. Kila mtu anapata barua na nafasi yake ya kukaa. Sharti ni rahisi: anayeitwa Mbusa ni ndugu yangu, akae meza ya mbele, apate kuku mzima. Hatutazidi watatu. Mama Anastasie anaipeleka kesho mpaka Walikale.