Doa Jekundu la Sauti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya mwisho ya kozi ya kuchambua picha za ubongo, hapa Nyeri mjini. Ijumaa jozi moja ya wanafunzi itapewa kazi ya utafiti. Nimepangwa na Wakiuru, aliyeacha ualimu Giakanja ili asome hii. Mwanafunzi mwenzetu Theuri, wa digrii mbili, ameniuliza ati, Gatimu, nyanya za Kagio zinaendeleaje? Niliuza nyanya soko hilo miaka kumi na mmoja. Karo nimejilipia!

Jumanne, 4 Machi
Watu ishirini walilazwa ndani ya mashine, wakasikizishwa sauti ya mama, kisha ya mtu baki. Tutafute sehemu ya ubongo inayochangamkia mama. Tumetafuta. Hakuna. Wakiuru anataka tuandike hivyo hivyo. Nimemwambia hakuna mtu huajiriwa kwa hakuna.

Jumatano, 5 Machi
Nimelegeza kipimo cha ushahidi, hata dalili hafifu ihesabike. Hakuna. Nikalegeza tena. Doa jekundu! Nyuma ya sikio la kushoto, kama nyanya ya daraja la kwanza. Nimeliweka juu kabisa ya ripoti. Kreti za nyanya hupangwa hivyo, nzuri juu. Wakiuru ameuliza nimelegeza mara ngapi. Nikamwambia aniamini tu. Ameniamini.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mwalimu wetu wa kozi, Salwa, ameuliza tulipima vijisehemu vingapi vya ubongo. Elfu arobaini, nikajibu kwa kifua. Kwa kipimo gani? Kinachoruhusu kimoja kati ya ishirini kidanganye. Akaniomba nigawanye. Elfu mbili! Elfu mbili vingewaka kwa bahati tu, hata akina mama wote wangenyamaza. Mimi, ninayepiga hesabu ya lori zima bila kalamu! Theuri alicheka mpaka akakohoa. Kazi ni yake na mwenzake. Ripoti yao ilisema hawakuona kitu. Maneno ya Wakiuru kabisa! Wakiuru alikunja karatasi zake, akasema ataulizia shuleni kama nafasi yake ipo. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Wakiuru kumwomba msamaha. Amesema yamepita. Nafasi ya shuleni ilishajazwa. Nimeapa sitalegeza kipimo tena, na sijalegeza! Nimeondoa tu kwenye hesabu watu wanne ambao nadhani walitikisa kichwa, na wa tano, anayeonekana hampendi mamake. Doa limetokea, kubwa kuliko lile. Nimemtumia Mwalimu Salwa ripoti mpya. Kumfuta machozi Wakiuru, nimetanguliza jina lake kabla ya langu.