Siku Nilizoidanganya Sensa ya Hewa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimepitwa. Si kupitwa hivi hivi. Nimepitwa kwenye mlima wa hospitali, mchana kweupe, na Shemeji, akiwa na mashine ya kufulia kwenye kiti cha nyuma na ndizi mkononi! Alinipungia kwa hiyo ndizi.

Niandike vizuri, wajukuu waje kujua nilivyodhulumiwa. Mimi ni fundi wa miwani. Nakata vioo, nanyoosha fremu, nawarudishia watu macho. Miezi minne iliyopita nilinunua gari la spoti kwa daktari wa meno aliyestaafu. Jekundu, viti viwili, limelala chini kama paka anayewinda. Nililiita Mshale. Mke wangu anasema sawa, ni mshale, ila wa saa.

Mke wangu ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na moja sasa. Shemeji ni mdogo wake. Ana duka la dawa na gari la familia la rangi ya fedha, gari la kubebea watoto na vitunguu. Na ndilo lililonipita!

Jioni nimesoma kwenye mtandao mpaka macho yakawasha. Nimepata jibu. Kwenye njia ya hewa ya injini kuna kidude kidogo kama njugu, kinaitwa sensa. Kazi yake kupima joto la hewa inayoingia na kuiambia kompyuta ya gari. Hewa ikiwa baridi, kompyuta inamimina mafuta kwa moyo mkunjufu, gari linapata nguvu. Hewa ikiwa ya moto, inabana. Na sensa yangu imekaa ubavuni mwa injini inayochemka! Itasema nini zaidi ya "moto, moto, moto"? Kumbe miezi minne nafuga mbea chini ya boneti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho mbea anahama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Hatua ya kwanza. Nimeichomoa sensa nikaipeleka mbele kabisa, nyuma ya bampa, kwenye upepo. Waya mrefu, gundi, utepe mweusi. Kazi safi. Nimeifanya saa ya chakula, uani mwa duka, huku mwalimu mkuu mmoja mstaafu akisubiri miwani yake. Kwa haraka nimempachikia kioo cha kulia upande wa kushoto. Alitoka akampa mkono mlango. Amerudi baada ya dakika kumi, amekasirika, nimembadilishia.

Nikajaribu gari. Nguvu imeongezeka! Nimeisikia kwa masikio yangu, ngurumo mpya kabisa, nzito, ya chuma. Nimezunguka mtaa mara tatu nikitabasamu peke yangu.

Baadaye nimegundua ngurumo ilikuwa spana niliyoisahau juu ya betri.

Mlimani hali ni ile ile. Lakini nimepitwa na lori tu, tena lilikuwa tupu. Ni maendeleo.

Shemeji alipita dukani. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia nashughulikia sensa. Akauliza kwa heshima zote tunahesabiwa lini, na kama wageni nao wanaandikwa. Nikarudi kwenye fremu zangu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Hatua ya pili ni barafu. Sijui kwa nini dunia nzima haijaiwaza. Hewa ya nje haina baridi ya kutosha, basi sensa ipelekewe baridi mpaka mlangoni. Nimechukua mfuko wa barafu kutoka kwenye friji, nimeufunga kuzunguka sensa kwa kamba ya viatu.

Dakika nne za utukufu! Labda tano. Na nimempita Shemeji! Nimempigia honi ndefu, nikainua ngumi. Nimefika nyumbani naimba.

Wakati wa kula nikamsimulia mke wangu. Kabla sijafika penye honi, simu yake ikalia. Alikuwa Shemeji, akiuliza kama mimi ni mzima, kwa sababu ameniona nikipiga kelele barabarani wakati yeye anarudi kinyumenyume kuingia kwenye maegesho ya duka lake. Kupita ni kupita. Hakuna kitabu kinachosema aliyepitwa lazima awe anaenda mbele.

Halafu mke wangu akaenda kwenye friji kutafuta mfuko wa barafu wa mgongo wake. Mgongo unamuuma kwa sababu ya wanafunzi wanaokanyaga breki kama wanaua nyoka. Nikamwambia huenda aliuacha kazini. Alifikiri sana. Akasema labda. Nikamkanda mgongo kwa mkono, kwa bidii isiyo ya kawaida, mpaka akaniuliza nimefanya nini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Barafu inayeyuka. Huo ndio udhaifu wake pekee. Ninahitaji baridi isiyokwisha.

Mtandao una dawa: rizista. Kijipande kama punje ya mchele, chenye mistari ya rangi, kipo ndani ya redio yoyote mbovu. Unakichomeka mahali pa sensa, kompyuta inaamini kuwa gari liko ndani ya friji, mwaka mzima.

Nikaenda kwanza kwa fundi wa magari wa mtaa wa nyuma, mama mmoja mtaratibu anayefuta kila spana kabla ya kuirudisha. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta spana mbili zaidi.

"Kaka," akasema, "sensa ni shahidi. Ukimfundisha shahidi uongo, kompyuta itahukumu kwa uongo huo. Na atakayefungwa ni injini."

Nikamwambia hajaendana na wakati. Akakubali, akanitakia siku njema.

Nikafanya mwenyewe, kwa kifaa changu cha kuchomelea fremu. Redio ya dukani imetoa rizista kumi na nane, nimechagua iliyopendeza. Sensa yenyewe nimeiacha inaning'inia nyuma ya bampa. Nikawasha gari. Jamani! Limetetemeka kama mtu mwenye homa, likakohoa, likatoa moshi mweusi mpaka jirani akaanua nguo. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nimeifunika kwa utepe. Moshi maana yake nguvu ni nyingi, inatafuta pa kutokea.

Saa kumi na moja jioni mke wangu akarudi kwa miguu. Mwanafunzi wake amerudi nyuma akaukumbatia ukuta. Gari la shule liko gereji. Na kesho saa nne ana usaili mji wa pili, wa kuwa mkuu wa watahini wa madereva. Kazi aliyoisubiri miaka sita. Waliitwa watu watano, mwanamke ni yeye peke yake.

Akauliza kama anaweza kwenda na Mshale. Akasema ana bahati kuwa na mtu wa kutegemea.

Nilifungua mdomo niseme. Mdomo ukasema, "Bila shaka, mke wangu."

Hakuna tatizo. Nitaamka kabla yake, nitaitoa rizista, nitarudisha sensa, hatajua. Amepiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Alikuwa anajiuliza maswali na kujijibu mbele ya kioo. Sikutaka kumkatiza.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeamka, kitanda kitupu. Ameondoka mapema ili asichelewe. Uani kuna doa jeusi la masizi na hakuna Mshale!

Nimepiga simu mara tisa. Hapokei akiwa anaendesha. Ni msimamo wake, ameubandika mpaka kwenye friji.

Nikavaa viatu bila soksi nikakimbia kwa Shemeji. Nimemkuta anafungua duka. Nikamwambia yote, sensa, barafu, rizista, bila kuvuta pumzi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alishusha tena mlango wa duka akasema, "Ingia."

Tukaondoka. Aliendesha kwa mikono miwili.

Tulimkuta karibu na kilele cha mlima wa hospitali. Mshale umesimama pembeni, boneti wazi, na mke wangu ameinama ndani yake na gauni lake la bluu. Ameshika pini ya nywele kwa meno. Nilipokaribia aliinua kiganja. Katikati ya kiganja kulikuwa na punje yangu ya mchele.

"Hii ni nini, mume wangu?"

Nikasema ni rizista.

"Najua ni rizista. Inafanya nini hapa?"

Nikasema inaiambia kompyuta kuwa kuna baridi.

Alitazama jua. Alinitazama mimi. Magari yalikuwa yanatupita, na ndani ya kila gari kulikuwa na mtu anayegeuza shingo.

"Na ulijua tangu jana," akasema.

Hakungoja jibu. Akaufuata waya wangu mpaka kwenye bampa, akaivuta sensa, akairudisha mahali pake kwa pini ya nywele na vidole viwili. Rizista akaitia kwenye mkoba. Shemeji alimwambia achukue gari lake la fedha. Akakataa. Akasema mtahini wa madereva hawezi kufika akiwa ameazima gari kwa mdogo wake, akiwa na lake linalotembea. Akawasha. Mshale ukakohoa mara tatu, ukatema wingu la mwisho, ukanyamaza, kisha ukaanza kuunguruma sawasawa. Akaondoka. Kwenye mkono wa gauni kulikuwa na alama nyeusi ya kidole.

Tukabaki mimi na Shemeji ukingoni mwa barabara. Nilikaa kwenye jiwe. Nikamwambia dada yake akiikosa kazi hiyo nitajua ni mimi. Akakaa kwenye jiwe la pili. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: Jumatatu ile, ili anipite, alikanyaga mafuta mpaka mwisho, mashine ya kufulia ikateleza ikavunjika mlango, na mkewe mpaka leo anadhani waliomuuzia ni matapeli.

Tulicheka mpaka mbwa wa hospitali akaja kututazama. Mtu mzuri, Shemeji. Sijui kwa nini hakuwahi kuniambia.

Jioni mke wangu amerudi. Alifika zikiwa zimebaki dakika nne. Amesema hivyo tu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Chai ya kimya. Nimefagia uani, nimesugua masizi kwa sabuni. Mfuko wa barafu nimeurudisha kwenye friji.

Saa tisa mke wangu akaniambia nikae kwenye kiti cha dereva. Yeye akakaa pembeni na daftari lake la wanafunzi. Akasema tupande mlima. Chini kabisa ya mlima nikaingiza gia ya tano, kama kawaida.

Akauliza kwa nini ya tano.

Nikamwambia hili ni gari la spoti. Lina gia tano. Kwa nini nipande na ya tatu kama mtu wa kawaida?

Daftari likamwanguka. Alicheka mpaka akashika mlango. Alicheka akafuta macho, akanitazama, akaanza upya. Halafu akaushika mkono wangu, akaurudisha pamoja na gia mpaka ya tatu, akasema, "Sasa kanyaga."

Enyi watu! Mshale uliruka! Tulilipita lori lililobeba mchanga, tukalipita basi la shule, watoto wakashangilia dirishani. Tulifika kileleni nikasimamisha gari. Kumbe gari halikuwa na kasoro hata siku moja.

Pale juu akaniambia kilichomuuma si gari. Gari ni chuma. Kilichomuuma ni kwamba Alhamisi nilikaa kitandani nikamtazama anapiga pasi gauni, mara mbili, na sikusema.

Nikasema siku nyingine nitasema. Akaweka mkono shingoni mwangu akauacha hapo. Tuliangalia mji mpaka injini ikapoa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

AMEPATA!

Wamepiga simu saa tatu asubuhi. Kumbe kwenye usaili mzee mmoja wa jopo aliuliza lile doa la masizi kwenye gauni limetoka wapi. Mke wangu akafungua mkoba, akaweka rizista mezani, akawaeleza nusu saa nzima jinsi dereva anavyoweza kuharibu gari zima kwa kutaka njia ya mkato, na jinsi ya kumtambua mtu wa aina hiyo kabla hajapewa leseni. Wanasema hawajawahi kupata mfano ulio wazi kiasi hicho.

Kwa maneno mengine, rizista ndiyo iliyompatia kazi. Sijisifu. Naandika ukweli tu.

Shemeji na mkewe wamekuja kula. Shemeji ameniita mtafiti. Mke wangu amesukuma kisahani cha nyama ya mwisho upande wangu.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Wiki ya kwanza ya kazi. Leo mke wangu amerudi na gari la ofisi, jeupe, jipya, limeandikwa MTAHINI ubavuni kwa herufi kubwa. Majirani wote wametoka kulitazama. Amelizunguka mara mbili akigusa milango, kama mtu asiyeamini. Nimefurahi mpaka nimelipigia makofi.

Gari zuri. Tatizo dogo moja. Nimelisikiliza likiingia getini na, kwa heshima zote za serikali, lina sauti ya mtu mwenye mafua. Litamwaibisha mbele ya watahiniwa. Nimesoma kidogo leo mchana. Inaonekana kanyagio la mafuta nalo lina sensa yake, na kuna namna.

Ningemwambia, lakini amechoka. Nitamwambia kesho, akishaona tofauti.

Sasa hivi yuko bafuni. Yeye huoga taratibu. Nina dakika ishirini na bisibisi nzuri.