Ombi la Mguu Wangu wa Kushoto Kuhamia Jimbo la Pili

Skogmo, ukingo wa mto, upande wetu
Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika dirishani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Bodi ya Wauguzi ya Jimbo letu Tukufu

KUHUSU: LESENI YA NESI LORNA AZURE, NA MAKAZI MAPYA YA MGUU WANGU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu yote miwili, na vidole vyote vikiwa kazini. Mimi naitwa Delmar Kvistad, dereva mstaafu wa malori ya bitiruti za sukari, ile mizizi inayokamuliwa sukari kiwandani. Shule niliiacha darasa la kumi, lakini usinidharau. Nimeendesha lori katika majimbo arobaini na nane, nimekula samaki aliyelowekwa magadi nikaomba niongezewe, na jeshini nilikaa Ujerumani nikajifunza kuagiza bia kwa lugha tatu. Ni mtu aliyeuona ulimwengu anayekwambia, Mheshimiwa, kwamba maajabu kama ya ofisi yako hajayaona popote.

Nieleze kwanza kisa chenyewe. Maisha yangu yote niliibeba sukari. Uzeeni sukari ikanibeba mimi. Msimu wa mavuno uliopita, hospitali ya Amable, ng'ambo ya mto, jimbo la pili, walinikata kidole kimoja cha mguu wa kushoto wakaniachia kidonda unyayoni. Daktari hakuuma maneno. Alisema, "Mzee, kidonda hiki kisafishwe na nesi mara mbili kwa wiki, bila kukosa. Kikiharibika, safari ijayo sitakata kidole. Nitakata hapa." Akapitisha kalamu chini ya goti, kama fundi cherehani anayepima suruali.

Sasa, nesi wa majumbani tuliyekuwa naye Skogmo alistaafu akakimbilia jangwani kwenye joto, wala simlaumu. Wa karibu aliyebaki ni Lorna Azure wa Amable. Ana leseni ya jimbo lake, na leseni hiyo inaheshimiwa katika kila jimbo lililotia saini mkataba wa wauguzi. Jimbo letu halikutia saini. Sisi ni watu wa kujitegemea, hata kwa vidonda. Basi Lorna akaomba leseni yako, na mpaka leo anangoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo; hawakujua kwamba baadaye hushuka mpaka unyayoni.

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapanga kwa namba ili usipotee:

1. Mnataka alama za vidole vya Lorna ili mjue kwamba si mwizi. Vizuri sana. Akapeleka, mkazirudisha: hazisomeki. Akapeleka tena: hazisomeki. Mheshimiwa, mwanamke huyu ameosha mikono kwa sabuni na spiriti miaka kumi na tisa, kabla ya kila mgonjwa na baada ya kila mgonjwa, kama mnavyomwamuru nyinyi wenyewe. Mistari imekwisha! Mkamshauri apumzishe mikono kwa muda, apake mafuta, asiioshe sana. Yaani ili apewe leseni ya unesi, kwanza aache unesi. Mwizi wa kweli, asiyejua sabuni ni nini, alama zake zinasomeka kama ramani ya barabara. Huyo mpeni leseni, ametimiza masharti.

2. Mnataka chuo chake kithibitishe kwamba alisoma, na barua itoke chuoni moja kwa moja, isipite mkononi mwake. Chuo kilifungwa zamani. Nilikwenda mwenyewe na mke wangu Ardis. Jengo sasa linauza matairi. Nikamwomba mwenye duka atuandikie hiyo barua. Akajifuta mikono, akanitazama vizuri. "Mzee wangu, mimi nathibitisha matairi tu. Na hayo yako ya mbele siyathibitishi." Tukarudi na matairi mawili ya theluji. Barua hatukupata. Namtaja kwa sababu katika shauri hili lote ndiye mtu pekee aliyenihudumia siku hiyohiyo.

3. Nikapiga simu ofisini kwako. Akapokea binti mpole, mwenye sauti ya kanisani.

"Bwana Kvistad, kisheria uuguzi huhesabiwa kuwa umefanyika pale alipo mgonjwa."

"Alipo mgonjwa mzima, mwanangu, au kilipo kidonda?"

"Naomba usubiri kidogo, bwana."

Nikapigiwa kinanda mpaka kahawa yangu ikapoa. Aliporudi alisema hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Niliona fahari, sitakuficha. Lakini nikajibiwa kwamba nikitibiwa sebuleni kwangu Lorna anavunja sheria, na nikivuka daraja anakuwa Malaika Jibrili. Basi kila Jumanne na Ijumaa Ardis ananivusha. Tunaegesha mbele ya duka la vyakula vya mifugo, natoa mguu nje ya mlango wa pikapu, naulaza juu ya gunia la chakula cha kuku, na Lorna anapiga magoti kwenye theluji kama anayeposa. Wakulima wanapita na magunia yao, wanainua kofia, wanauliza hali ya kidonda kabla ya hali yangu. Vijidudu navyo, Mheshimiwa, vinavuka mto huu kwenda na kurudi, na hata kimoja hakijaulizwa leseni.

4. Mwezi uliopita barafu iliharibu nusu ya daraja upande wa Amable, wakazuia magari siku chache. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kidonda. Tungefanya nini? Ardis aliendesha mpaka katikati, penye kibao cha mpaka. Lorna akaja kwa miguu kutoka kwao, mkoba mgongoni, pua nyekundu kama nyanya. Nikafungua kiti changu cha kuvulia samaki kwenye barafu, nikakaa kwetu, nikanyoosha mguu kwao. Amefungua bandeji tu, akatokea askari wa wilaya yetu, kijana wa juzi.

"Mzee, unafanya nini hapa?"

"Mimi niko nyumbani, afande. Mguu ndio umesafiri."

Akamgeukia Lorna. "Na wewe, dada, unamtibu huyu?"

"Huyu hapana," Lorna akajibu bila kuinua kichwa. "Natibu kilichovuka tu. Usinikanyagie vifaa, tafadhali."

Ardis akashusha kioo cha pikapu. "Afande! Ukitaka kukamata, kamata mdomo wake ukae nao huko kituoni. Mguu tuachie, bado una matumaini!"

Kijana wa watu akajikuna chini ya kofia. Akatazama kibao, akatazama kidonda, akageuka haraka. Kisha akaingia kwenye gari lake akalikingamiza barabarani kutukinga upepo mpaka Lorna alipomaliza. Huyo naye hakuomba kwanza alama za vidole vya mtu.

5. Kwa hiyo naleta ombi langu rasmi. Naomba mguu wangu wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, utambuliwe kuwa mkazi halali wa jimbo la pili. Uko tayari kulipa kodi huko. Hauna kesi wala deni, na alama za vidole vyake vinne zinasomeka vizuri sana, maana siku hizi siruhusiwi kuviloweka. Mimi niliyebaki nitaendelea kuwa raia mwema wa jimbo letu, na nitautembelea kila siku.

6. Kama mguu hauwezi kuhama, basi hamisheni mto, uzunguke nyuma ya nyumba yetu. Msiseme haiwezekani. Kila theluji inapoyeyuka mto huu wenyewe huhamia upande wetu, unaingia mpaka jikoni kwa Ardis, wala hatujasikia kwamba ulijaza fomu.

7. Kama na mto hauwezi, njoo wewe, Mheshimiwa. Leseni unayo, na mikono bila shaka unayo. Jumanne asubuhi ni wakati mzuri. Ardis atakutilia viazi na nyama ya kusaga, vimefunikwa jibini, na mimi nitakulazia mguu mapajani.

Nafanya mzaha, Mheshimiwa, kwa sababu ndiyo kazi niliyobakiwa nayo. Lakini ile kalamu ya daktari nilisikia ubaridi wake chini ya goti, na kila nikivaa soksi nausikia tena. Mguu huu umenitembeza kwingi. Nisingependa uende kabla yangu.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, wake zao, waume zao na paka wao. Msalimie binti wa simu, mwambie kinanda kilikuwa kizuri ila kirefu. Ile mashine ya kusoma vidole nayo isalimie, ipone upesi macho.

Ndimi, raia wako kuanzia gotini kwenda juu,
Delmar O. Kvistad

N.B. Barua hii Ardis hakuwahi kuipeleka posta jana, na leo Ijumaa imebidi niifungue tena. Tumetoka Amable sasa hivi. Lorna alifungua bandeji, akabonyeza, akabonyeza tena, akainama karibu zaidi. Nikajua mguu umekwenda. Kumbe anatafuta kidonda, hakioni.

"Kimefunga, mzee," akasema.

Ardis akalia juu ya usukani mpaka honi ikalia naye. Mimi nikapiga kelele kwamba tumeshinda bila Mwenyekiti! Lorna akanikatiza. "Mshukuru huyo Mwenyekiti. Ningekuwa nakuja kwako, ningekukuta umezama kwenye kiti, umeficha keki kabla sijabisha hodi, unaniambia, 'Sijambo kabisa.' Kwenye pikapu huna pa kuficha. Donati ngapi nimekunyang'anya hapa, mbele ya wakulima wazima? Na nani alikung'oa kwenye kile kiti mara mbili kila wiki ukaogopa kuja hapa na sukari iliyopanda? Ni leseni ambayo sina."

"Amina," akasema Ardis, kama yuko ibadani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa uchungu usioelezeka, natangaza kwamba uzembe wa Bodi yako umeniokolea mguu. Nafuta namba zote. Mguu umeomba kurudi kwetu, na mto uacheni ulipo.

Leseni ya Lorna mpeni hata hivyo, kwa haki yake. Ila msiharakishe sana. Jirani yetu Verna Oyen ametoka hospitali jana na kidonda kama kilekile, na yule mama namjua kwa keki. Jumanne nitamvusha daraja mimi mwenyewe. Pikapu yetu ni ya gia za mkono, na mguu wa kushoto wa kukanyagia klachi sasa ninao.