Taa Sita za Mzee Rula

Jumatatu, 3 Juni
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amezungushia kioo chake taa! Nane! Kabla ya saa nne wateja wangu wawili wameshavuka, mmoja akanipungia mkono bila haya. Na Ijumaa anakuja Mzee Rula kunyolewa. Nimemposa binti yake, na jibu atanipa akiwa kwenye kiti changu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu. Hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Lazima duka ling'ae.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata taa sita na waya. Dada yangu, mwalimu wa sayansi, kanishauri bila kuombwa. Eti kila taa ipewe njia yake, ya kwendea na ya kurudia. Eti umeme ukikosa pa kurudi hauondoki kabisa. Maneno ya ubaoni hayo! Nimepitisha waya mmoja kutoka taa hadi taa, kama shanga. Nusu ya waya imebaki. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Juni
Zinawaka. Kidogo. Nyekundunyekundu, kama macho ya mtu mwenye mafua. Nimegundua: taa ya kwanza ni mlafi, inawala wenzake. Nikaihamishia mwisho. Wapi! Dada kacheka mpaka kashika ukuta. Akasema umeme hauliwi, unaoingia ndio unaotoka. Ila taa zangu sita zimegawana msukumo mmoja, na waya wangu ukikatika popote, zote kwaheri. Nifungue, nianze upya. Nimeitikia. Sifungui ng'o!

Alhamisi, 6 Juni
Soketi ninayo moja tu. Basi mashine ya kunyolea nimeiunga kwenye waya uleule, mkiani mwa taa. Inanguruma, japo kwa kujivuta. Nitamwambia mzee huu ni unyoaji wa heshima, hauna papara.

Ijumaa, 7 Juni
Ole wangu!
Mzee kaja na koti lake. Kakaa. Unyoaji wa heshima ukaanza. Upande wa kulia ukachukua dakika arobaini. Kisha akakohoa, akasema kuhusu binti yake ameshafikiri. Moyo wangu pu! Hapohapo macho yake yakatua kwenye taa ya nne. Imeinama kidogo. Akanyoosha mkono aiweke sawa, waya mzima ukavutika.
Giza kwenye kioo. Mashine kimya. Taa zote sita zimezimika, nitajuaje mgonjwa ni nani? Nikazitikisa moja moja, jasho linanitoka, mzee amekaa na kichwa nusu uwanja, nusu msitu. Akauliza kwa upole kama shule ilinipita pembeni. Akainuka na shuka langu shingoni, akavuka barabara. Nusu ya pili kamaliziwa kule, chini ya taa nane! Yule kinyozi akanipungia shuka langu.
Nimelia kidogo. Ni vumbi la nywele.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi dada kaja na bisibisi na waya wake. Kila taa kaipa njia yake, mashine pia. Nikalegeza moja kumjaribu: tano zikabaki zinawaka! Mwanga kama mchana. Nimesema ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Kachukua bisibisi yake, kaondoka.
Saa tisa mchumba wangu kaleta shuka na jibu la baba yake. Mzee kasema mtu anayeweza kutokwa na jasho vile kwa ajili ya binti yake hana ujanja wa kumdanganya. Binti nichukue. Lakini kichwa cha mzee kitanyolewa ng'ambo, hadi siku ya kufa.
Nimerukaruka mpaka kiti kimeanguka!
Mkwe kama huyu anastahili shukrani. Jumatatu nitamfungia kengele ya mlango. Nimeshapima: kutoka mlangoni kwake hadi sebuleni, hatua kumi na mbili. Waya uliobaki unatosha kabisa, mmoja. Wa pili wa nini? Kengele ikishalia, umeme urudi kufanya nini?