Ombi la Kurudishiwa Mke Pamoja na Plagi

Ganjoni, Mombasa
Jumanne

Kwa Baba Mkwe, Mzee Abdulhalim,
Kibokoni.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekaa vizuri, na kwamba ndevu zako zimesharudia harufu yake ya kawaida.

KUH: KUZUILIWA KWA MKE WANGU NABIHA, NA PLAGI YA INJINI

Mimi ni mkweo Shee Mbarak, karani, niliyeoa kwako mwaka wa sita huu. Najitambulisha kwa sababu Ijumaa iliyopita nilikuamkia nje ya msikiti ukageuka ukamuuliza jirani yako huyu ni nani. Sikukasirika. Nimeamua kuandika, maana karatasi haigeuziwi uso.

Kama ujuavyo, kwangu kuna msumeno wa injini, ule ambao watu huuita pawasoo. Ni wa rafiki yangu Dzoro wa Kaloleni, anayekata minazi mikongwe iliyokoma kuzaa ili ipasuliwe mbao. Pistoni ilikwama, akaniletea niutazame. Niliutengeneza kwa siku mbili. Ulipowaka nikaona kwamba ungaliweza kuwa na nguvu zaidi, na mtu akishaliona jambo kama hilo hawezi kujifanya hakuliona. Basi nikaufungua tena. Hiyo ilikuwa Rajabu, na sasa tuko Mfunguo Pili, miezi minne imepita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu yuko kwenu siku ya kumi na moja leo. Alitoka na mkoba mmoja, na tangu atoke plagi ya injini haionekani. Sina shahidi, lakini vitu viwili vikitoweka nyumbani kwa wakati mmoja, mwenye akili huvitafuta mahali pamoja. Mlangoni alisema, "Mimi naenda kwetu. Hiyo yako ikinyamaza, nijuze." Usije ukaniambia kwamba bila plagi injini imeshanyamaza. Huko si kunyamaza, ni kuzibwa mdomo. Wala usiniambie ninunue nyingine. Mtu hanunui kilicho chake.

2. Inadaiwa nimeharibu jiko. Ukweli ni kwamba beringi mpya haziingii kwenye kasha la injini mpaka kasha lipashwe moto lipanuke, na ule mhimili unaozunguka ndani ukae kwenye baridi unywee. Hiyo ni elimu, sikuibuni mimi. Kasha nililipasha kwenye oveni mara moja tu, na mkate wa sinia uliokuwemo niliusogeza pembeni kwa heshima. Mhimili ulilala ndani ya friza pamoja na barafu za ukwaju. Mercy, jirani yetu wa chini, alilamba moja akasema ya leo ina ladha ya grisi, lakini aliimaliza.

3. Kelele. Ili injini ipumue nilipanua tundu la moshi kwa tupa, nikaondoa gasketi ya chini ya silinda, na sailensa nikaitoboa. Hakuna anayemwambia mtu anayekimbia asiheme. Isitoshe, Nabiha hakuwa adui wa kelele hizo. Alikuwa akikuna nazi jikoni huku akisikiliza, na mara kwa mara huniambia, "Yakohoa hiyo. Ipunguze mafuta." Nikipunguza, hukaa sawa. Nataja haya ili ieleweke kwamba fundi ni mimi, yeye alikuwa akisikia tu.

4. Sasa nakuja kwenye mrashi, suala ambalo najua linakukera.

Injini hii hainywi petroli tupu. Huchanganywa na oili, sehemu ishirini na tano kwa moja, na oili ikizidi kidogo tu plagi hulowa. Katika nyumba nzima hakuna chombo kinachotoa matone kwa adabu isipokuwa ule mrashi wa fedha, wa kunyunyizia wageni marashi, ambao Nabiha aliachiwa na bibi yake. Nikachanganyia humo. Nilipomaliza niliurudisha kabatini ukiwa umejaa, kwa sababu kila siku naambiwa nikitumia kitu nikirudishe mahali pake.

Siku ya posa ya shemeji yangu mdogo, Nabiha alifungua kabati akaukuta mrashi umejaa. Akadhani nimemjazia marashi. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa tangu Rajabu, nami sikuona sababu ya kuuliza. Ndani ya tuktuk aliupakata kama mtoto. Tulipofika karibu na Kibokoni akasema tuktuk hii inavuja petroli. Dereva akaapa haivuji. Mimi nilisimama upande wa mke wangu, kama inavyotakiwa.

Yaliyofuata unayajua, lakini barazani umeyasimulia vibaya, kwa hiyo nayapanga upya. Wewe ni mwenye nyumba, ukanyunyiziwa wa kwanza. Ukakunjua viganja, ukajipaka usoni na ndevuni, ukasema mashaallah kabla ya kunusa. Wakafuata wageni wa posa, safu nzima, kanzu nyeupe zikaingia madoa ya samawati ya ile oili. Na nyuma ya mrashi, kama ilivyo ada, kikaja chetezo chenye makaa na udi. Naomba uisome sentensi ifuatayo mara mbili. Watu kumi na tisa wamelowa petroli na moto unawajia kwa mwendo wa pole. Ni nani aliyewaruka wazee watatu, akakinyakua chetezo na kukitupa dirishani? Ni mimi. Viganja viliniungua, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Chetezo kiliangukia uchochoroni bila kumdhuru mtu. Badala ya shukrani niliulizwa mafuta yalifikaje ndani ya mrashi, swali ambalo kwa wakati ule halikuwa la dharura. Hata hiyo posa haikuvunjika. Wageni wamesema watarudi, mradi wasinyunyiziwe kitu.

5. Nikipita barazani kwenu watu hunusa. Wewe, mtu mzima, ulinusa mara mbili.

Kwa sababu hizo naleta maombi yangu. Najua ada yetu: mke akienda kwao, mume huja na wazee wake wawili, akakaa, akasikiliza, akaomba radhi. Lakini hiyo ni ada ya mume aliyekosa. Mimi niliokoa ukoo. Kwa hiyo wewe ndiwe unayepaswa kuja Ganjoni na wazee wako wawili, umlete Nabiha, na plagi itangulie mbele ikiwa imefungwa kwenye kitambaa safi.

Posa itakaporudiwa, niketishwe safu ya kwanza, karibu na chetezo, kwa usalama wa wote.

Tena naomba kile chumba cha chini cha nyumba yako, kinachowekwa makanda ya tende, kifanywe karakana yangu. Kuta zenu za kale ni nene na hazipitishi sauti. Nabiha akiwa juu kwao na mimi nikiwa chini, hatakuwa tena na mahali pa kukimbilia, na ugomvi utakuwa umekwisha wenyewe. Ama lile sharti la injini kunyamaza, haliwezekani kabisa. Kitu kilichopata nguvu kwa taabu kiasi hiki hakinyamazishwi kwa ajili ya mrashi.

Nisalimie Mama. Mwambie mikono inapona kwa ile dawa aliyonitumia kwa siri, ambayo sasa si siri tena, naomba radhi. Nisalimie shemeji zangu wote, na wa barazani pia, hata wanaonusa.

Ni mimi mkweo, mwenye haki yangu na subira yangu,

Shee Mbarak

Tanbihi: Nimevaa kanzu ili barua hii niilete mwenyewe, na mfukoni nimeikuta plagi. Imesuguliwa ikang'aa, imefungwa ndani ya kipande cha leso kuukuu isichafue nguo. Kanzu ni ile ya siku ya posa. Kumbe Nabiha aliifua, madoa yakatoka, akaniwekea plagi humo kabla hajaondoka, kwa sababu anajua mimi hupoteza plagi.

Nimeifunga kwenye msumeno. Injini imewaka kwa mvuto wa pili wa kamba, ikanguruma kwa zile nguvu zote nilizozitafuta tangu Rajabu. Sijui ilikuwa ikikohoa au haikuwa ikikohoa. Nilingoja kuambiwa kutoka jikoni, nikangoja sana, kisha nikaizima mwenyewe.

Plagi basi msiitafute. Nitakuja Alhamisi baada ya Alasiri na wazee wangu wawili, nikae, nisikilize. Mwambie Nabiha imenyamaza.