Kuhusu Mashine ya Maji Inayozunguka Bila Kusalimia Watu

Kwa Mama Maximilla Nabututu,
Mwenyekiti, Kamati ya Kioski cha Maji, Nyalenda.

Mheshimiwa Mama,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wote kutoka hapa mpaka Nyamasaria. Lorine Adongo, binti anayetuandikia programu ya maji, alitafuta mtaalamu wa kuijaribu, akapita nyumba zote, akanichagua mimi. Mimi niliyefika Kampala mara mbili, ninayeelewa kompyuta kwa kuitazama tu.

Programu yenyewe ni hivi. Simu zetu zinatuma maombi ya maji kwa kompyuta ya kioski. Kompyuta inachukua ombi moja, inamwita mwenyewe achote, halafu inarudi kuangalia kama kuna lingine. Inazunguka hivyo siku nzima. Kwa ajili ya majaribio, Lorine aliufanya mzunguko uende kwa kubonyezwa: ukibonyeza mara moja unazunguka mara moja, unasimama, tunaona kila hatua. Kibonyezo nikapewa mimi.

Jumamosi kamati yako inaamua kama kazi ya Lorine ya mwaka mzima inapita au inatupwa. Naomba itupwe. Sababu:

1. Haina adabu. Inaita jina, basi. Haiulizi umeamkaje wala watoto wanaendeleaje.

2. Inadharau jerikeni. Hapa kwetu jerikeni linasimama foleni kwa niaba ya mwenyewe, hata akienda kanisani. La Nakhungu lilikuwa mbele tangu alfajiri. Mashine ikamwita Obiero, ambaye bado alikuwa soko la Otonglo akichagua nyanya, eti ujumbe wake ulitangulia.

3. Nilibonyeza mara kumi na moja, ikazunguka bure na kuandika "hakuna ombi". Mtu mzima akizunguka hivyo bila kazi, tunampeleka kuombewa.

4. Hili ndilo baya zaidi. Saa nne ikanyamaza kabisa mpaka saa sita. Nakhungu, anayepikia watoto wa nasari, akanifuata mpaka nilipokuwa, mwiko mkononi: "Bwana Opondo, maharagwe yangu yanaiva kwa maji, si kwa simu." Ikabidi nirudi naye kioskini mbiombio.

Kwa hivyo mzunguko ukomeshwe, majerikeni yarudishiwe haki yao, na moja lipewe kiti katika kamati.

Nisalimie Mzee, wajukuu, na kwaya yote, hata wale wa sauti ya nne wanaonichukia.

Wako mtiifu, mwenye hasira kidogo,
Robinson Opondo

Nimesahau jambo. Zile saa mbili mashine ilikuwa inanisubiri nibonyeze. Nilikuwa ufukweni nikila ngege wa kukaanga, kibonyezo mfukoni. Niliporudi na kubonyeza tena na tena, ilitoa maombi yote kumi na manne, moja moja, jinsi yalivyofika. Hakuna lililopotea. Lorine hakunigombeza, aliandika kwamba jaribio kali kama hilo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. Mama, mpitishe huyo binti. Na ule utaalamu wangu ni uongo. Alikuwa anatafuta simu iliyo nzito, ya polepole kuliko zote Nyalenda, aone kama programu itaivumilia, akaonyeshwa yangu.