Kamati ya Kuchunguza Bonde la Eksirei

Wananchi wote wa Voi na viunga vyake wanajulishwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Idara ya Mbegu na Mambo ya Juu iliunda kamati ya kuchunguza bonde. Si bonde la kulima. Ni kibonde kwenye grafu ya Everlyne, ofisa mdogo aliyesomea nyota, aliyechora mwanga wa eksirei wa kitu fulani katika galaksi ya mbali kinachong'aa kupita kikomo cha ukubwa wake. Wataalamu walimwita Nairobi akakieleze Ijumaa. Ilibaki sahihi moja ya ruhusa, ya mkurugenzi, Bwana Obadiah.

Na Obadiah si mtu wa kutia sahihi ovyo. Grafu za idara hupanda. Hii iliporomoka katikati, mchana kweupe, na nembo ya idara iko pale juu.

Kamati, yaani Obadiah, karani wake Nzuki na sahani ya mandazi, ilifunguliwa kwa maombi.

"Madam, si ujaze hapo na kalamu tu?" Obadiah akamwuliza Everlyne.

"Siwezi, mkubwa. Hilo bonde ndilo ushahidi."

Neno hilo Obadiah hakulipenda. "Ushahidi wa nini?"

"Hicho kitu ni kidogo, lakini kinavuta gesi ya jirani yake kuliko kinavyoweza kubeba. Nyingine inafurushwa nje, na ikipita mbele ya mwanga inaacha alama, ndilo hilo bonde. Ndiyo tunaisoma hata kutoka mbali."

"Mbali kama wapi?"

"Mwanga wenyewe umesafiri miaka milioni kumi."

Obadiah akapiga hesabu. Kutoka Voi hadi stoo yake ya Mata ni saa chache tu.

"Nzuki, huyu anajua."

"Anajua nini, mkubwa?"

"Wewe andika."

Kabla ya chakula cha mchana taarifa ilikuwa imebandikwa kila mahali: Mkurugenzi hajachukua magunia arobaini ya mbegu za wakulima wa Mghange, wala hayako kwenye stoo yake kule Mata, nyuma ya tangi.

Wakulima wa Mghange hawakuwa wamesikia habari ya mbegu zozote. Walisoma mara mbili, wakakodi lori. Alhamisi asubuhi walikuwa langoni Mata, Mama Teresia mbele.

"Tumekuja kuona magunia ambayo hayako," alimwambia bawabu.

"Hayako huku nyuma, mama," bawabu akawaelekeza. "Lakini ni mazito. Mtabeba wawili wawili."

Ijumaa Everlyne alikuwa Nairobi na bonde lake zima. Ruhusa ilitiwa sahihi na kaimu mkurugenzi, Nzuki. Obadiah naye alipewa likizo ndefu ambayo hakuomba, na hiyo haikuhitaji kamati.